Siku Kambo Alipotoa Vitu Nje

Wiki iliyopita nilifungua chumba cha nyuma cha nyumba yangu, harufu ya gunia lililolowa ikanipiga usoni, na palepale nikawa mtoto wa miaka tisa, Kalemie, enzi za Zaire, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kambo. Kaa kidogo, rafiki yangu, nikueleze.

Kambo hakuwa mchafu. Alifagia uwanja kabla ya jua, na sufuria alizisugua kwa mchanga wa ziwani mpaka ukajiona uso. Lakini hakutupa kitu. Mikebe ya maziwa, mifuniko isiyo na sufuria, viatu vya mguu mmoja, nyavu zilizochanika, baiskeli isiyo na magurudumu: vyote viliingia ndani na havikutoka tena. Kutoka mlangoni hadi kitandani tulipita kwa ubavu. Wakati wa uasi wa miaka ya sitini alikuwa amekimbilia milimani na kitenge kimoja na chungu kimoja, na aliporudi alikuta nyumba tupu, hata milango imeng'olewa. "Muntu mwenye hajakimbia," alizoea kusema, "hajue bei ya kifuniko."

Majira ya mvua ya mwaka ule mama alijifungua mapasa, wavulana wawili wadogo mno. Baba alikuwa kazini Kabalo. Watoto wakabaki materniti, hospitali ya wazazi, pamoja na mama, majuma mengi, wakiongezeka kidogo kidogo, hadi muuguzi mmoja mrefu mwenye koti jeupe akaja kutazama mahali watakapolala. Hakupiga hata hatua tatu ndani. Panya alipita juu ya kiatu chake.

"Mama," akamwambia Kambo kwa heshima, "hawa watoto kifua chao kingali kidogo. Siwezi kuwaacha walale mu vumbi na panya. Nitarudi kesho kutwa. Nikikuta iko hivi, watabaki kwetu."

"Nililea watoto saba humu," Kambo akasema.

"Njo maana najua utaweza," muuguzi akajibu, akaenda zake.

Siku ile Kambo alisahau sufuria motoni. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliungua jikoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kesho yake asubuhi alichukua mkeka mdogo aliowasukia mapasa, akaingia ndani kuutandika. Kando ya kitanda haukuenea. Akaukunja mara mbili, akajaribu nyuma ya mlango, haukuenea. Akaukunja tena, ukawa mdogo kama kitambaa cha kufutia meza. Hapo akajiachia juu ya gunia, akalia.

"Kumbe nilikuwa najengea panya nyumba," akasema. Kisha akasimama, akakaza kitenge kiunoni. "Wee mutoto, shika upande ule wa baiskeli. Tutoe."

Nilikimbia kumwita jirani yetu, mama Mwislamu aliyeuza maandazi. Akaja na binti zake, na nyuma yao mtaa mzima. Hakuna aliyetusimanga. Walicheka mara moja tu, tulipomkuta kuku nyuma ya magunia, ametulia juu ya mayai yake, kuku tuliyemlilia mwezi mzima tukidhani ameibwa.

Kambo alishika kila kitu kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti: "Nani atakitumia hiki?" Akijitokeza mtu, anapewa. Asipojitokeza, kinaenda motoni. Mikebe ilichukuliwa na mama aliyeuza mawese, baiskeli akaondoka nayo fundi. Kile chungu alichokimbia nacho milimani alikigeuzageuza mikononi. Kilikuwa kimepasuka. "Hiki kinabaki," akasema, na hakuna aliyembishia.

Alasiri, tulipovuta magunia ya mwisho, tukakuta dirisha. Nilizaliwa katika nyumba ile na sikujua kama lipo! Mbao zake zilikataa, jirani akazisukuma kwa bega, na mara ziwa lote likaingia ndani: mwanga, upepo, honi ya meli bandarini, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa. Kambo akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pande zote mbili. Haikugusa kitu. Akaanza kucheza.

Muuguzi aliporudi, alichungulia chini ya kitanda, akapitisha kidole dirishani, akatazama ukuta ambako kila chombo kilikuwa na msumari wake. "Mama, kesho watoto watakuja."

"Kesho ya nini? Leo iko na ubaya gani?"

Saa ileile tukafuatana naye materniti, na tulirudi kwa vigelegele, Kambo amebeba mmoja, mama amebeba mwingine. Mlangoni mama alisita, akarudi nyuma hatua moja. "Hii nyumba ya nani?"

"Ya wajukuu wangu," Kambo akasema. "Ingia."

Tangu hapo ikawa sheria kwetu: kikiingia kimoja, kimoja kitoke. Kambo akapata kiburi, akawa anakagua hata nyumba za watu bila kualikwa.

Yule jirani wa maandazi amekwisha kuzikwa, fundi alihama, na siku hizi ukitoa vitu vyako nje watu wanakutazama kupitia pazia. Kambo alifariki mapasa wakiwa vijana warefu. Tulikaa kugawana alivyoacha, tukamaliza kabla chai haijapoa. Vitu vilikuwa vichache. Waliokuja kumlilia ndio waliokosa pa kukaa, wakajaza uwanja wote mpaka barabarani.