Kamba Sitini na Mbili

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani yake, Mama Futi huvuka barabara, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akasoma ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Huusoma juu mpaka chini, hata kama karatasi ni zile zile za jana.

"Dada, ungesoma hivyo shuleni ungekuwa daktari," humtania muuza viatu wa jirani.

Jumatatu moja alirudi dukani mbio, na muuza viatu akameza utani wake. Tangazo jipya lilisema baraza la kata linakusudia kuvunja kivuko cha juu ya mfereji. Mwenye pingamizi afike ukumbini Alhamisi saa nne asubuhi, aandikishe jina, aseme kwa dakika tatu. Asiyefika atahesabiwa amekubali.

Kwenye kivuko hicho ndipo mdogo wake hupita na kiti chake cha magurudumu, kwenda kufundisha shule ya ng'ambo ya mfereji. Tangazo lilisema wananchi watazungukia daraja la barabara kuu, mita mia nane tu.

"Mia nane za nani?" mdogo mtu akauliza. "Dada, nikizunguka huko kwenda na kurudi, kazi basi tena."

Mama Futi alinunua kamba, akaipima kwa futi yake mara ishirini: mita thelathini kamili. Jumatano wakaifuata njia yote, mkubwa akilaza kamba na kupiga chaki, mdogo akihesabu.

Ukumbini watu walijaa mpaka mlangoni.

"Mama Futi, umekuja kumshonea diwani suti?" muuza nyama akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Wameshaamua hawa," muuza viatu akamnong'oneza. "Tumeitwa kupiga makofi."

Mhandisi wa baraza alieleza mpango kwa ramani, haraka haraka. Jina la Mama Futi likaitwa la mwisho. Alisimama. Maisha yake yote amezoea kuzungumza na mtu mmoja mmoja, tena pini zikiwa mdomoni.

"Muda wako umeanza, mama," akasema mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti kavu.

Dakika nzima ikapita akiipapasa futi yake shingoni. Nyuma mtu akaguna, na mdogo wake akainamisha kichwa. Mama Futi akatia mkono kwenye mkoba, akaitoa kamba, akaishika kwa mikono miwili kama ashikavyo kitambaa cha mteja. Hapo sauti ikamjia.

"Hii ni mita thelathini. Toka upande huu wa kivuko mpaka upande wa pili, kwa kuzungukia daraja, nimeilaza mara sitini na mbili. Elfu moja mia nane na sitini."

"Ramani inaonyesha mia nane," mhandisi akadakia.

"Ramani imepita kando ya mfereji, baba. Kando ya mfereji kuna kuta za watu. Magurudumu hayapandi ukuta."

Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti akamgeukia mhandisi. "Njia hii uliipita mwenyewe?"

Mhandisi alikunja ramani polepole. "Tulipima ofisini, mheshimiwa."

Kura za wajumbe wa baraza zilipigwa kwa mikono, zikahesabiwa mara mbili kwa sababu mkono mmoja ulipanda nusu ukashuka, kisha ukapanda tena. Saba kwa sita: kivuko kisiguswe mpaka kingine kijengwe pembeni yake.

Mdogo wake aliushika mkono wa dada yake, asiuachie. Walipokuwa nje ya ukumbi, karani wa kumbukumbu akawafuata, binti mpole ambaye kikao kizima hakuinua uso kwenye daftari lake.

"Samahani, mama. Nakuona kila siku kutoka dirisha la ofisi. Kwa nini unausoma ule ubao hata wakati hauna jipya?"

Mama Futi aliizungushia kamba kiganjani, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikaisha.

"Mwaka juzi zahanati yetu ilipohamishwa, tangazo lilikaa pale siku kumi na nne," akasema. "Sikuvuka barabara."