Kasala Niliyoikosa Kwenye Gare

Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, uwanja wa gare, yaani stesheni ya treni, ya Likasi uligeuka mji. Familia zilipika kando ya reli zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Treni zilipokuja, wenye nguvu walipanda. Wazee na walemavu walibaki.

Mimi nilikuwa kijana, miguu imepooza tangu utotoni, katibu wa chama cha walemavu wa parokia yetu. Siku moja baada ya misa nilikwenda gare kwa baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Tulikuwa tumeandika barua kwa mkuu wa gare: wasiojiweza wapandishwe kwanza. Niliwasomea waliongoja, kisha wakatia alama za vidole badala ya saini.

Mama mmoja mzee, macho yake yamefifia, alinicheka. Wote walimwita kaku, yaani bibi.

"Mutoto, weye unaomba kama muntu mwenye kuomba chumvi kwa jirani."

Hata hivyo alitia kidole. Asubuhi ileile mwanamume wa turubai la jirani alikuwa amefariki, na kaku akaitwa amsemee kasala, sifa ambazo Waluba wale wa Kasai humwitia mtu kwa majina ya wazee wake. Akaanza kwa sauti ndogo. Alimtaja babu aliyewinda, bibi aliyevuka mto na mtoto mgongoni, kisha marehemu mwenyewe, mikono iliyoyeyusha shaba. Mjane aliyekuwa amekaa kama jiwe akalia. Shuleni nilikariri mashairi ya Kifaransa bila kuguswa. Siku ile nilisahau barua mapajani.

Alipomaliza nilimsogelea.

"Kaku, na minye unaweza kunisemea?"

"Weye nani?"

"Minye niko mulemavu, katibu wa…"

"Sikukuuliza miguu. Baba ya mama yako anaitwaka nani? Na baba yake?"

Sikujua.

"Unajua jina ya mukubwa wa gare, ya babu yako hapana," akasema, na jirani zake wakacheka. "Wende uulize mama. Kesho nitakusemea."

Nilipeleka barua ofisini, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa akitwanga mihogo. Alishangaa, kwa maana sikuwahi kumwuliza. Akaweka mchi chini, akanipa majina matano, na kwenye la tatu akajifuta uso. Niliyaandika yote.

Kesho yake nilifika uwanjani nikakuta mahali pa kaku pana majivu tu. Treni ilikuwa imekuja na kuondoka alfajiri.

"Barua yenu ilikubaliwa," mlinzi akaniambia kwa furaha. "Bazee na bilema ndio balipanda ba kwanza. Ile kaku yako tulimubeba na kiti yake."

Wenzangu wa chama waliimba wimbo wa shukrani, nami niliimba nao, kwa moyo wa kweli. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye reli.

Tangu hapo nimeandika mashairi mengi, na mengine yamesomwa kanisani. Majina yale matano nimejaribu kuyapanga mara nyingi; yanabaki orodha. Namshukuru Mungu kwa treni ile. Namwomba pia, bila haraka, kwamba siku atakaponiita, aniite kwa sauti ya yule kaku, akianza na baba ya mama yangu.