Siku Kitavi Aliposhuka Kavu

Tangi la maji taka halishukwi kavu. Ndiyo iliyokuwa sheria ya genge la Zedekiah. Kabla mtu hajafungwa kamba kiunoni, chupa ya chang'aa ilizunguka, kila mmoja akapiga mafunda mawili, pua ikafa ganzi, ndipo kazi ikaanza. Kitavi alipoingia genge alikunywa ili aweze kushuka. Baadaye akawa anashuka ili apate kunywa.

Basi Jumamosi moja, wapenzi wangu, alikataa chupa. Asubuhi hiyo, kwao Kabiria, mkewe Yvonne alikuwa ameshafunga mkoba. Hakupaza sauti.

"Baba Mutheu, harufu ya choo nimeizoea. Ya pombe imenishinda. Ukirudi nayo leo, mimi na mtoto utatupata kwa mama, Woodley."

Kazi ilikuwa Kileleshwa, nyuma ya maghorofa. Zedekiah alimnyooshea chupa, Kitavi akatikisa kichwa.

"Kumbe umeokoka?"

"Wee shika kamba tu, mazee."

"Nitashika. Lakini ukitapika, tapikia huko huko chini."

Wenzake wakacheka. Kitavi alitapika kweli, mpaka chai ya asubuhi ikaisha tumboni, akaendelea kujaza ndoo huku akiwa na kiu ya kitu kisicho maji. Walipomvuta juu mchana, hakuna aliyecheka.

"Kumbe inawezekana," Zedekiah alisema, kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

Walikwenda kunawa kwenye bomba la getini. Mlinzi akawazuia: hapo huoshwa magari, na wapangaji walikuwa wamelalamika. Basi wakafanya kama siku zote wakinyimwa maji. Walichukua chang'aa iliyobaki wakajimwagia ili ikate uvundo, mikono, shingo, kifua. Zedekiah alimmiminia Kitavi nyingi kuliko wote, kwa heshima. Kitavi akajisugua vizuri, akiwaza tu jinsi atakavyoingia nyumbani kifua mbele.

Yvonne alikuwa mlangoni. Harufu ilimfikia kabla ya mumewe.

"Sijakunywa, Mama Mutheu. Nimenawia tu. Walitunyima maji."

"Hiyo ya kunawa uliniambia Pasaka."

"Pasaka nilikudanganya. Leo ni kweli. Ninuse mdomo."

"Ninuse mdomo gani, na wewe mwenyewe umekuwa chupa?"

Alichukua mkoba, akamshika Mutheu mkono, wakaenda. Kitavi hakuwafuata. Angewafuata vipi barabarani akinuka vile?

Alichota maji akaoga kwa sabuni ya kipande, akarudia, akarudia tena hadi ngozi ikamwasha. Akavaa shati lake la kanisani. Hakuwa amewahi kuwa safi hivyo siku ya kazi. Kisha akatembea hadi kwa Zedekiah, akamkuta ameketi nje na chupa mpya miguuni.

"Vipi, bado unanuka nikuongezee?" Zedekiah akauliza.

"Niongezee," alisema Kitavi, akivuta kigoda. "Lakini kwa kikombe."