Upenyo wa Kiganja

Baridi ya Kilolo mimi naijua na yenyewe inanijua. Nimezaliwa ndani yake. Nimechunga mbuzi miguu mitupu, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Shule niliacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu alishindwa kuyajibu maswali yangu. Siku hizi ninakaa mjini Mbalizi, nauza vipuri vya baiskeli, na wateja wangu watakwambia hakuna jambo ambalo Faustin hana jibu lake. Nayasema haya mapema ili umjue anayekusimulia habari za Anord Kalinga, kwa sababu mbele kidogo utaniona mdogo.

Anord ni mtoto wa dada yangu Tekla. Mjomba hachagui mpwa, anapewa, na mimi nikapewa huyu asiyesema. Ukimsalimu "Kamwene" anaitikia, kisha mazungumzo yameisha. Nilipompeleka kuposa kwa wazazi wa Yusta nilizungumza mimi tangu saa nne hadi saa nane. Yeye alisema neno moja, "Ndiyo," tena baada ya kuulizwa mara mbili.

Kazi yake ni kulea vifaranga. Anawachukua wakiwa wa siku moja, anakaa nao wiki nne mpaka waote manyoya, ndipo anawauza kwa wafugaji. Kwa baridi yetu hii, kifaranga wa siku moja ni mtu asiye na shati, kwa hiyo bandani huwekwa chungu chenye mkaa uliowaka. Julai moja, miaka mitatu kabla ya haya ninayokusimulia, baridi ilizidi. Anord akaziba kila tundu la banda kwa magunia, akajaza chungu mkaa, akaenda zake kulala ameridhika. Asubuhi akawakuta wamekufa, wote mia moja na ishirini. Hawakuwa wamerundikana kama wafanyavyo wakiuawa na baridi. Walikuwa wametawanyika, wana joto kabisa, kama waumini waliosinzia ibadani.

Dada anasema alikaa bandani mle mpaka mchana, anawageuza mmoja mmoja. Mimi nilimpigia simu kumpa pole, na kwa tabia yangu nikaongeza, "Sasa mpwa, supu mmekunywa?" Hakucheka. Tangu siku hiyo kila banda lake lina upenyo chini ya bati, upana wa kiganja, haufungwi hata maji yagande ndooni. Nilipokwenda kumtembelea nikauona, nilimtania mbele ya majirani: "Anord, unawasha mkaa uyapashe moto mawingu?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye akasema, "Ndiyo, Mjomba."

Julai ya mwaka jana nilipanda tena Kilolo kwenda kumwona Regina, mtoto wao wa kwanza, miezi mitano. Nikamkuta na mafua. Pua imeziba, akinyonya anaachia ziwa apumue, analia kwa hasira, anarudi kunyonya. Homa hakuwa nayo, na macho yalikuwa makali, anakukagua kama karani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka miti ya mipaina haionekani. Dada Tekla alikuwa ameshatoa amri yake.

"Mtoto wa mafua havuki mlango mpaka apone. Baridi ikimwingia kifuani, basi."

Anord alikuwa ametoka alfajiri na baiskeli kupeleka vifaranga kwa mteja. Baba wa nyumba hayupo, mjomba yupo. Nikakunja mikono ya shati.

"Dada, chumba hiki kina baridi ya kaburi. Nipeni jiko la mkaa."

"Mkaa humu ndani, Mjomba?" Yusta aliuliza kutoka kitandani.

"Mkaa uliokolea hauna moshi, mkwe. Kibaya ni moshi. Kati yetu hapa nani amekaa mjini?"

Hakuna aliyekuwa amekaa mjini. Nikaingiza jiko, jekundu zuri. Dirisha nikaliziba kwa blanketi, chini ya mlango nikasokota gunia. Nikakaa nao nikipiga hadithi, na chumba kikawa na joto la Kyela. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga, nikailaumu pombe ya komoni niliyokunywa jana yake. Yusta naye akasema kichwa kizito. Nikamwambia alale, mama anayenyonyesha lazima achoke. Nikatoka kunywa maji, nikafunga mlango, na gunia nikalirudisha kwa mkono kupitia chini. Regina alikuwa ameacha kukoroma, amelala.

"Unasikia, dada?" nikasema. "Kimya. Hiyo ndiyo dawa."

Kimya kile sijakisahau.

Saa nne Anord akarudi. Akaegemeza baiskeli ukutani, akauliza, "Mtoto?" Nikamwonyesha mlango wa chumba kama fundi anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Akasukuma, gunia likagoma, akasukuma kwa bega. Joto lilipompiga usoni alisimama kidogo tu. Kisha nikasikia blanketi likinyofolewa dirishani, na akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Akatoka na Regina mikononi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinalalia huku na huku.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nje.

"Wewe, unampeleka wapi? Huoni ukungu?"

"Mjomba, toka mlangoni."

"Mtoto ana mafua, Anord!"

"Toka."

Dada Tekla alikuwa anapiga kelele nyuma yake. "Unamuua mjukuu wangu! Anord, mwanangu, unamuua!"

Sikutoka. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa mjomba, na maneno bado ninayo mengi. Anord hakunisukuma. Alinitazama, akasema, "Wale vifaranga walikuwa hivihivi. Wana joto, na kimya."

Nikatoka mlangoni.

Uani alimshika mtoto wima kifuani, akamfunua uso, mwili akauacha kwenye shali. Ukungu ukawapitia wote wawili. Nyuma yetu Yusta alitoka akishika ukuta, akakaa chini akatapika, na dada akaacha kelele akamkimbilia. Anord hakugeuka. Alikuwa anampuliza mtoto usoni kidogo kidogo. "Pumua, mama," alikuwa anasema. "Pumua, mama." Sijui ilichukua muda gani. Mimi ambaye huwa najua kila kitu, hilo silijui. Ndipo Regina akavuta pumzi moja ndefu yenye makamasi, akakunja uso, akalia. Kilio chenyewe hafifu, cha redio iliyoishiwa betri.

"Kituoni," Anord akasema. "Na Yusta."

Bodaboda zote zilikuwa zimeshukia mnadani, na kituo cha afya ni mwendo wa dakika ishirini. Akamfunga mtoto kwa kitenge cha mkewe, mbele, siyo mgongoni, apate kuuona uso wake. Mimi nikavua koti. Koti langu la sufu, vifungo vya shaba, halijawahi kuazimwa na mtu tangu nilinunue. Nikawafunika nalo wote wawili. Dada akamshika Yusta mkono, tukaondoka.

Jirani yao Esnath alikuwa anafagia.

"Jamani, baba Regina leo ana mimba! Ya miezi mingapi?" Kisha akaona miguu midogo. "Eh! Mtoto wa mafua mnamtoa kwenye baridi hii? Wanaume mna akili kweli?"

Siku nyingine utani huo ungekuwa wangu, tena mkali zaidi. Lakini nilikuwa na shati tupu, meno yanagongana, nikakaza mwendo nyuma yao. Anord alitembea tu, macho chini kwenye kitenge.

Kituoni nesi aliwawekea mama na mtoto vimpira vya hewa puani. Akakifunua kifua cha Regina, akashika saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima, na dakika hiyo nadhani mimi sikupumua. Walitulaza pale hadi kesho yake. Asubuhi, mtoto alipokwisha kunyonya vizuri, ndipo nesi akatukalisha.

"Mafua haya ni mafua ya kawaida. Mnyonyesheni mara kwa mara, msafisheni pua. Mkiona anapumua haraka, au amekataa kunyonya, mleteni mbio. Kumtoa nje si kosa, mkimvisha vizuri. Huyu baridi haikumfanya kitu, alikuwa anauawa na hewa yenye sumu ya mkaa mliomfungia nao ndani, hata usipotoa moshi. Nani aliingiza jiko?"

Dada akatazama sakafu. Mimi, bwana majibu, nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Sisi, nesi," Anord akasema.

"Sisi nani?"

"Sisi wa nyumbani."

Angeweza kusema "Mjomba." Ni neno moja tu, na yeye ni mtu wa neno moja. Nilimkumbuka akiwa bandani anawageuza wale vifaranga, nami kwenye simu nauliza habari za supu. Yeye ilimgharimu mia moja na ishirini kujifunza. Mimi somo lilikuwepo pale chini ya bati, bure, nikalicheka.

"Mimi," nikasema. "Jiko niliingiza mimi."

Nesi akanitazama ninavyotetemeka. "Wewe hata koti huna, mzee. Baridi unaijua nini?"

Anord akacheka. Ndiyo, huyohuyo. Alicheka mpaka mtoto akashtuka.

Tuliporudi niliomba nyundo na patasi, nikapanda juu ya kiti chumbani kwao, nikaanza kutoboa ukuta juu ya dirisha. Anord alishika miguu ya kiti.

"Upana gani, mpwa? Kiganja changu au chako?"

"Chako, Mjomba. Ndicho kikubwa."

Nje kijua kilikuwa kimetoka kidogo, na Regina alikuwa amepakatwa na Yusta barazani, amevishwa kofia, anapiga chafya. Dada Tekla alimtazama, akaivuta ile kofia ifike masikioni. Koti langu lilikuwa limemfunika Regina miguu. Mpaka leo liko Kilolo, na sijaliulizia.