Mgongo Uliozoea Mbeleko

Jamani, acha nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza. Mimi ni tarishi wa baraza hapa Ihanda, mwenye kofia nyekundu na sauti ya kutisha wakorofi. Tangu mke wangu avunjike mguu, mtoto wetu namlea mimi. Nafunga mlango, namfunga mgongoni kwa mbeleko, nasaga ulezi huku nikimbembeleza. Mwanamume na mbeleko! Ikijulikana, nani ataniogopa tena?

Juzi alikuja Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kukagua baraza. Tukasimama wima mbele ya chifu, kimya, hata kukohoa hakuna aliyethubutu. Mara upande wa wanawake kichanga kikaanza kulia. Kilio kikapanda, mama yake akahangaika. Nikaona macho ya baraza zima yamenigeukia mimi. Nikadhani wanastaajabia ukakamavu wangu, nikakaza shingo zaidi. Bwana Shauri akavua miwani. Chifu akajiuma mdomo.

Ndipo bibi kizee mmoja akapaza sauti: "Tarishi, mwanangu, huko mgongoni hamna mtu. Si umchukue huyu anayelia?"

Nikajitazama. Magoti yalikuwa yananesa, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma, ukinipigapiga makalio taratibu.