Mitetea Wawili Weusi

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Ulaya (Ulaya ya Kilosa, jamani, si ile ya wazungu), nilikuwa mwongo hodari. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na aliniamini.

Siku moja alirudi kutoka gulioni na mitetea wawili weusi. Akamzungusha kila mmoja mara tatu kwenye mafiga ya jikoni, akinong'ona maneno ambayo sikuyasikia, kisha akawafunga nyuma ya choo, mbali na kuku wetu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo linajulikana. Bibi alikuwa na la ziada.

"Siku saba," akaniambia. "Wakichanganyika kabla, banda litanyamaza."

"Litanyamaza vipi, Bibi?"

"Usitake kujua."

Kesho yake akaenda shamba. Kamba zilikuwa zimewachubua miguu, nami nikawaonea huruma, nikawafungua. Kuku wetu wakawadonoa, wakawakimbiza, mwishowe wakala pamoja. Kabla Bibi hajarudi nikawafunga tena. Nikafanya hivyo kila siku.

"Hujawafungua?"

"Hata kidogo, Bibi."

Siku ya sita niliamka jua limeshatoka, jogoo hajawika. Nikachungulia bandani. Kuku wote walikuwa wamesimama kimya, shingo zimepinda, wengine vichwa vimegeukia mgongoni. Nikawarushia mahindi. Hakuna aliyetikisika. Nikatimka mbio hadi nyuma ya choo. Wale weusi walikuwa wakiparura udongo, wazima kabisa. Wakaacha, wakanitazama kwa jicho mojamoja, kama kuku wanavyotazama. Niliona kabisa kwamba wananijua.

Ndani ya siku tatu banda lilikuwa tupu.

Bibi alikaa jikoni akitazama viganja vyake. "Nilifuata kila kitu," alisema. "Labda maneno yamenikimbia." Nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu kabisa naye. Niliogopa, sikusema.

Leo nafuga kuku Mikumi. Nakijua kideri, ule ugonjwa wa kupinda shingo, najua kuku mgeni anaweza kukibeba bila dalili, na chanjo sikosi. Zile siku saba za Bibi zilikuwa na akili kuliko alivyoweza kueleza. Lakini nikinunua mitetea, wakiwa weusi siwachukui, na mume wangu anicheke atakavyo.

Linaloniuma ni jingine. Kina mama wa pale walikuwa wakimletea Bibi kuku wao wageni awazungushe mafiga, na alilipenda jambo hilo kuliko sifa yoyote. Baada ya kuku wetu kufa, mama mmoja alikuja na mtetea kwapani, akapiga magoti, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mpeleke kwa mwingine. Mimi sijui tena."

Akawarudisha wote hivyo, mpaka anaingia kaburini. Bibi alikuwa anajua. Mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba hajui.