Nilisema Nimemfuata Mama

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala rafiki ya shemeji yangu. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, maana huko mbele sitaki kicheko cha mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu na pombe sikuwa nimeonja. Watu hudhani vitu vya namna hii hungoja giza. Yangu yalinikuta saa nane mchana, kando ya ziwa Nakuru, jua likiwaka mpaka magadi yanaumiza macho.

Kwanza nikueleze mahali penyewe. Miaka ile ya hamsini wazungu walijenga jumba la kuogelea ukingoni mwa ziwa, na sisi tukapaita Bichi. Jengo la namna ile tulikuwa hatujaliona. Paa lilikuwa bapa kama meza, madirisha ya mviringo, nguzo nyembamba mpaka unajiuliza zinashikilia nini, na nje mnara wa kurukia majini wenye ngazi ya kuzunguka. Aliyelichora alitoka Ulaya, na wazungu walisafiri kutoka Nairobi kuja kulipiga picha tu. Mafundi wenzangu walisema yule bwana amesahau kuweka mabati. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolijenga. Kaunta ya mlangoni, ile ya simiti yenye vijiwe vya rangi, niliisugua kwa mikono hii mpaka ukaweza kujiona ndani yake.

Kaunta hiyo ishike vizuri kichwani. Mwogaji alifika, akaacha nguo zake pale, akapewa kibati chenye namba. Akirudi kutoka majini, anatoa kibati, anaulizwa amefuata nini, anapewa vitu vyake. Ndivyo kazi ilivyokwenda, nami niliiona kwa mbali tu, kwa sababu jumba lilipofunguliwa sisi tuliolijenga hatukuruhusiwa kukanyaga ndani.

Siku tuliyomwaga simiti ya paa, mtu alikuja kutoka Molo kuniambia mama yangu ni mgonjwa sana, ananiita. Sasa, simiti ya paa haikatizwi. Ukianza asubuhi unamwaga mpaka umalize, la sivyo paa litapasuka pale ulipoachia. Msimamizi alikataa kuniachilia, nami, Mungu anisamehe, sikubishana naye sana. Nilimwambia yule mjumbe, "Mwambie mama nitakuja simiti ikikauka." Nilipofika Molo, mama alikuwa amelala kaburini siku mbili.

Nina binti, kifungua mimba wetu. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo wangu ni Wanjiru kama mama. Na ukishampa jina hilo, humwiti hivi hivi tu. Mimi nilimwita mama tangu alipozaliwa. Mama, kuja ule. Mama, nani amekupiga? Mke wangu Nyambura alikuwa akinitania sana. "Mama mkwe amekojoa kitandani tena," alikuwa akisema, "kuja umwambie wewe, mimi namheshimu." Tulicheka. Ningejua, nisingecheka.

Wanjiru alipokuwa na miaka mitano alishikwa na maradhi ya masikio. Yalitoa usaha na mtoto hakulala. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, tukiishi kwenye shamba la mzungu huko Molo, Mkikuyu hatoki shambani bila pasi, na bwana wa shamba akaniandikia pasi ya siku moja, mwisho saa kumi na mbili jioni. Tulishuka Nakuru na lori la viazi. Hospitalini walimsafisha masikio, wakatia dawa, wakayaziba yote mawili kwa pamba. Nilimpigia magoti, nikamwonyesha kwa mikono na kumwambia kwa sauti kubwa, "Mama, usitoe pamba mpaka tufike nyumbani. Umesikia?" Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto wa kusikia neno, huyo.

Lori lilikuwa la kurudi saa kumi na moja. Tulikuwa na mchana mzima mikononi, na shetani gani sijui akaniambia nimpeleke mtoto akaone kazi ya baba yake.

Tulikuta ziwa limekimbia. Mwaka ule mvua zilikataa na maji yalirudi nyuma mbali sana, huko ndege heroe walikokuwa mstari mwekundu tu. Mnara wa kurukia ulisimama juu ya tope lililopasuka. Bichi ilikuwa imefungwa, na askari wa langoni, mzee mpole, alinisikiliza nilivyojieleza kisha akasema, "Ingia uangalie haraka, fundi. Ni nani atakuona?"

Mlangoni, nyuma ya kaunta yangu, alisimama mwanamke. Mwafrika, amevaa gauni jeupe la kazi, safi kabisa, katika upepo ule wa vumbi la magadi. Nikamsalimia, akaitikia. Nilitaka kupanda juu kuona paa, na ngazi ya kufika huko haina ukingo wa kumzuia mtoto. Yeye ndiye aliyesema, kabla sijaomba.

"Niachie huyu. Utamkuta."

Akanipa kibati. Je, wewe ungekataa? Mwanamke safi, mahali pa kazi yake, na mtoto amesimama anamwangalia bila woga? Nikapanda.

Nitakuambia nilichokwenda kuangalia huko juu. Nilitaka kujua kama paa lilipasuka. Nilitembea pembe hadi pembe nikiwa nimeinama, nikipapasa kwa vidole, na halikuwa na ufa hata mmoja. Nikaketi juu ya paa lile zima nikamlilia mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu afe.

Niliposhuka, kaunta ilikuwa imepigiliwa mbao. Misumari ilikuwa na kutu. Vumbi jeupe lilijaa juu ya mbao na hakuna aliyeligusa. Niligonga, nikapiga teke, nikaita. Nilikimbia vyumba vyote vya kubadilishia nguo, nikatoka mpaka kwenye tope laini la mbali, nikazama magotini, nikarudi. Mwanamume mzima nakimbia ufukweni napiga kelele mama, mama! Askari alinishika mkono akifikiri nimepandwa na wazimu.

"Mwanamke gani, fundi? Hapa hapana mtu tangu maji iende."

"Mtoto wangu je? Si uliona nikiingia naye?"

"Mtoto niliona. Huyo mwanamke sijui."

Unaniuliza kwa nini sikuenda polisi. Miaka ile? Mkikuyu mwenye pasi inayokufa jioni, aende kusema amepoteza mtoto ndani ya jumba la wazungu alimoingia kwa mlango wa wizi? Wangenitia ndani kwanza, mtoto wamkumbuke baadaye, na yule mzee wa langoni afukuzwe kazi. Nilibaki mimi na kibati changu. Niliomba Mungu, nikaomba na mama yangu, nikaahidi mambo ambayo binadamu hawezi kutimiza.

Inapata saa kumi nilirudi mlangoni mara ya sita au ya saba, na kaunta ilikuwa wazi. Mbao hakuna. Mwanamke yuko palepale.

"Umemfuata nani?" akauliza.

"Mama!"

Akaniangalia. "Mama?"

"Mama yangu! Nilimwacha hapa, kibati ndicho hiki!"

"Sema vizuri," akaniambia polepole, kama mtu anayenionea huruma. "Ni mama yako unataka?"

"Ndiyo! Nipe mama yangu twende!"

Mara tatu aliniuliza, na mara tatu nilijibu. Akakichukua kibati, akakitia mfukoni, akaingia ndani. Akarudi amemshika mkono Wanjiru, na gauni lake lilelile la maua, na viatu vyake vilevile. Nikamnyakua nikakimbia bila kusema hata asante. Sikugeuka nyuma.

Ndani ya lori, juu ya magunia matupu, ndipo nilipomwangalia vizuri. Pamba hazikuwepo. Nikamuuliza, "Mama, pamba zako ziko wapi?" kwa sauti ya kawaida, na akanisikia, mtoto ambaye asubuhi nilimpigia kelele. "Pamba gani?" akasema. Nikajiambia dawa imefanya kazi. Nikamshukuru Mungu. Mtu akitoka katika shida ile hana nguvu ya kutafuta nyingine.

Tulipokuwa tukipanda mlima wa Sachangwan baridi ilianza kuuma. Mtoto akasogea, akaninyanyulia kola ya koti, akafunga kifungo cha juu chini ya kidevu changu. Halafu akaniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hata Nyambura halijui, akaniuliza:

"Simiti ilikauka?"

Mpaka tunafika Molo meno yangu yalikuwa yakigongana, na si kwa baridi.

Nyumbani mtoto alikataa kuogeshwa na Nyambura. Mkwe hamvui nguo mama ya mume wake, ndivyo ilivyo kwetu, na yule mtoto wa miaka mitano alijifunika shuka akasema ataoga mwenyewe. Nyambura alicheka. Kesho yake alicheka kidogo. Wiki ilipokwisha alikuwa hacheki. Majirani wakija, wanamwona msichana anavyochambua maharagwe, anavyokaa na miguu imenyooshwa, wanapiga makofi: amemchukua nyanya yake kabisa! Kwao ilikuwa sifa.

Nilimchukua kando shambani, kwenye pareto, nikamuuliza yule mwingine yuko wapi. Aliniangalia kwa macho ya mama yangu, na mwenyewe alikuwa akilia.

"Mimi niliitwa, nikaja," akasema. "Huyo mwingine hakuitwa."

Ningemchukiaje? Alikuwa mama yangu, na nilimkosea, na hatimaye nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika mikono yake midogo. Alinisamehe. Nilipata kitu ambacho watu wengi hulia wakikitamani, na kila siku nimetamani nisingekipata.

Nilipomweleza Nyambura yote, alinitamkia maneno machache tu. "Rudi ukamchukue mtoto wangu." Mtoto wangu. Hilo ndilo neno. Hata jina lisingenisaidia, maana wote wawili ni Wanjiru. Maneno mawili tu, na mdomo wangu ulikuwa umezoea lingine.

Nilipopata pasi tena mvua zilikuwa zimenyesha na ziwa limerudi. Maji yalifika kwenye madirisha ya mviringo. Nilipita ndani maji yakinifika kiunoni mpaka kwenye kaunta, na mbao zilikuwa zimepigiliwa, na kibati sikuwa nacho. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mbao nikasema nimemfuata mtoto wangu, mtoto wangu, nimemfuata mtoto wangu. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Ndani palikuwa kimya, ila mara moja nilisikia viatu vidogo vikitembea juu ya sakafu kavu, taratibu, vya mtu aliyechoka kungoja. Havikuja upande wangu.

Nyambura alikufa bila kunisamehe, na sikumdai msamaha. Huyu niliyenaye alikua, akaolewa, ana watoto wake, ni mama mwema. Hajaniita baba hata siku moja. Bichi yenyewe ilimezwa na maji, ikabomoka, na vijana wa leo ukiwaambia wanadhani nimeitunga.

Basi wewe mwenye mtoto wa jina la mama yako au baba yako, mwite upendavyo nyumbani. Lakini ukiwa mahali usipopajua, ukiulizwa umemfuata nani, funga mdomo kwanza ufikiri. Sema ni mtoto wako. Zoeza ulimi wako leo, usingoje siku ya shida.

Mimi bado huenda ziwani, nikishikiwa mkono, nikaita. Hajibu, na najua sababu. Pamba ziko masikioni. Nilimwambia mwenyewe asizitoe mpaka tufike nyumbani, na mtoto wangu ni wa kusikia neno.